Bahasha ya Roketi Ambayo Sikuifungua

Nakumbuka asubuhi moja ya kiangazi mjini Same, mjukuu wangu, nimesimama mbele ya sanduku langu la posta, funguo mkononi, upepo wa tambarare ukinijaza vumbi machoni. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, karani kwenye ghala la kahawa, na nilikuwa na furaha ambayo leo nikiikumbuka naona aibu. Ndani ya sanduku kulikuwa na bahasha moja. Ndiyo ile uliyoniuliza Krismasi iliyopita, ulipokuwa ukifunua albamu yangu: "Babu, mbona zote nzima, hii moja imechanwa?" Nikakwambia unywe chai, inapoa. Sikuwa na moyo wa kukujibu mbele za watu. Leo nakujibu kwa maandishi, na univumilie nikienda polepole, kwa sababu mambo haya sijawahi kumwandikia mtu.

Nianze na dada yangu, Nakijwa. Alinizidi miaka minne. Nyumbani kwetu Mbaga, zamu yetu ya maji ilikuwa alfajiri, na kazi ya kwenda kufungua ndiva, lile bwawa la ukoo la kumwagilia mashamba, ilikuwa yetu sisi wawili. Alfajiri moja, tumekaa ukingoni tunasubiri maji yashuke mferejini, tukaona nyota inatembea. Haikuanguka, ilitembea tu, taratibu, ikapita juu ya mlima ikaelekea upande wa Mkomazi. Mimi nilitaka kukimbia. Nakijwa akanishika shati akasema, "Kaa. Mwalimu alitwambia. Ni chombo wamekirusha watu." Tangu siku hiyo nikapenda kila kitu kilichohusu anga, roketi, setilaiti, na wale watu wanaovaa nguo nene wakaelea bila kushika chini.

Nakijwa alikuwa na akili kuliko sisi sote, na serikali ikampeleka Urusi kusomea udaktari. Hapo ndipo balaa lilipoanzia. Baba alikwishampokea mtu wa posa. Wazee walikuwa wamekaa uani wakanywa dengelua, pombe yetu ya miwa, na kwetu pombe ikishanyweka neno limekwisha. Nakijwa akakataa. Wanatusema Wapare kwamba tunauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku, na nikiwatazama baba na dada yangu wakati ule siwezi kusema wanatusingizia. Hakuna aliyerudi nyuma hata hatua moja. Asubuhi ya kuondoka, Nakijwa akabeba sanduku lake akapita mbele ya baba bila kumuaga. Baba akasimama akatamka, nasi tukasikia: "Ukivuka mto ule, usirudi kunywa maji ya ndiva yangu."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Jioni ile ile baba alikwishajuta, nilimwona akisukuma sahani ya makande bila kuigusa. Lakini katika ukoo wetu, mzazi aliyetamka neno zito hawezi kulifuta peke yake. Ni lazima mtoto aombe, kwa mdomo wake au kwa mtu wa kumsemea. Akishaomba, mzazi anachukua maji mdomoni, anampulizia kifuani, na neno linaondoka. Mzazi hamfuati mtoto. Baba aliishika desturi hiyo kwa mikono miwili. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunapalilia kahawa: "Akileta neno, hata kwa karatasi, nitaipulizia karatasi hiyo." Akaendelea kupalilia.

Sasa baba hakujua kusoma. Macho yake yalikuwa mimi. Kila Jumamosi nilipanda lori kutoka Same, tukipitia Mwembe hadi juu, na barua zikiwa zimekuja nilimsomea. Nakijwa aliandika kwangu, si kwake. Aliandika juu ya baridi, masomo, na supu zao zisizo na ladha. Juu ya ugomvi hakugusa. Nikimaliza kusoma, baba huuliza, "Kasema nini kingine?" Nami hujibu, "Ndiyo hayo, baba."

Pale Same, jirani yangu alikuwa Mzee Sengondo, mstaafu aliyefanya kazi ya kugonga mihuri ya barua maisha yake yote ya ujana. Ni yeye aliyenifundisha kukusanya. Aliponiona nikikata stempu yenye picha ya roketi kutoka kwenye bahasha ya dada, alinipokonya mkasi. "Unaua kitu, kijana. Stempu inauzwa popote. Muhuri ndio wenye habari." Akanieleza kwamba huko kwa wenzetu, chombo kikirushwa angani, au ikifika siku ya kuwakumbuka wanaanga, posta hutengeneza muhuri maalumu wenye picha na tarehe. Hutumika siku moja, pengine katika posta moja tu, kisha hauonekani tena. Bahasha zenyewe huchapishwa michoro ya rangi upande wa kushoto. Ukiipata bahasha nzima, mchoro upo, stempu ipo, na muhuri umekaa vizuri bila kuchafuka, hapo unacho kitu.

Nikashikwa na ugonjwa wa jambo hilo. Nikamwandikia Nakijwa masharti, marefu kuliko salamu. Apange foleni siku ya muhuri. Amwombe karani agonge nusu juu ya stempu na nusu juu ya karatasi. Ndani aweke kadi ngumu ili bahasha isikunjike njiani na muhuri upate pa kukaa. Na asiandike kitu kwenye kadi hiyo, kwa sababu wino hupenya ukaharibu uso wa bahasha. Habari zake aziandike kwingine, kwenye karatasi ya kawaida. Wanafunzi wenzake walikuwa wakihesabu siku za mitihani, yeye akasimama kwenye theluji kunipangia foleni. Hakunilalamikia hata mara moja. Zilikuja bahasha kumi na tisa, kila moja na kadi nyeupe ndani, na nilipozoea nikaacha kuzifungua kabisa, kwa sababu nilikuwa nimesikia kwamba bahasha ambayo haijafunguliwa ina heshima zaidi kwa wakusanyaji.

Ya ishirini ndiyo hii. Mchoro wake unaujua, roketi nyekundu inapanda na chini yake watu wadogo wamenyoosha mikono. Muhuri ni wa bluu, chombo kinaizunguka nyota, na umegongwa safi kiasi kwamba unaweza kuhesabu miale ya ile nyota. Nilipoitoa kwenye sanduku nilisahau hata kulifunga. Nikaipapasa. Ilikuwa nene kuliko zile nyingine. Hilo nakwambia wazi, mwanangu, ili usije ukaniona mtu asiyejua. Vidole vyangu vilijua. Nilijiambia tu kwamba dada kaweka kadi mbili, kwa upendo, na nikafurahi zaidi.

Nikaipeleka kwa Mzee Sengondo. Nilimkuta amekaa kwenye benchi lake akitengeneza redio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umeleta nini leo?"

Akaishika kwa kingo, kama alivyonifundisha. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akaipima uzito kiganjani. Kisha akanitazama mimi.

"Fungua."

"Mzee, hii haifunguliwi! Tazama muhuri ulivyokaa!"

"Muhuri nimeuona. Muhuri unakwambia barua imetoka wapi na lini. Haukwambii imesema nini. Nimefanya kazi posta miaka thelathini na moja, sijamwona mtu anayenunua stempu ili amtumie ndugu yake gundi tupu. Fungua, kijana."

Nikacheka, nikamwambia wewe sasa umezeeka, umesahau thamani ya vitu. Nilimtamkia maneno hayo mtu aliyenifundisha. Alinirudishia bahasha yangu akaiinamia redio yake. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali hiyo tulikuwa tukiiimba shuleni, na mimi nilidhani inahusu miguu ya watu wengine.

Jumamosi nikapanda nayo Mbaga, imelala katikati ya daftari ili isikunjike. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Baba alikuwa kibarazani, na pembeni yake pana kata ya maji. Siku hizo alikuwa nayo kila nilipofika na barua. Mimi nilidhani ana kiu, kikohozi kilikuwa kimeanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kasema nini?"

"Hajasema kitu, baba. Kaleta bahasha."

Akaichukua. Mikono yake ilikuwa mipana, imepasuka kwa jembe, nami nikaogopa ataichafua. Akaigeuza mara mbili.

"Mbona haijafunguliwa?"

"Ikifunguliwa inaharibika. Ndani ni kadi tupu, baba. Ni ya kuikaza tu."

"Tupu?"

"Tupu."

"Haya. Wewe ndiye msomi." Akaweka kidole kwenye roketi. "Na hiki kinakwenda wapi?"

"Juu angani, baba, kupita mawingu."

"Kinarudi?"

"Kinarudi. Wanakirudisha."

Akaiweka bahasha mapajani mwake. Kisha akanirudishia, akachukua ile kata akamwagia maji mche wa kahawa uliokuwa karibu, akaingia ndani. Nami nikashughulika kutafuta nguo safi ya kufutia alama ya kidole chake.

Baada ya hapo barua za dada zikapungua. Mwaka ukapita zikaja mbili, fupi. Akamaliza masomo, akaandika kwamba amepata kazi huko huko katika mji mwingine, basi. Bahasha za anga hazikuja tena. Mimi, kwa ujinga wangu, nilinuna. Nilisema kwa watu kwamba dada kanogewa Uzunguni, katusahau. Baba akisikia hivyo husema, "Moyo wake ni mgumu. Kanirithi mimi." Alisema hivyo kwa uchungu, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kama kumsifu.

Baba alikufa kwa kifua, wakati wa mvua za vuli, mwaka wa saba tangu bahasha ile. Nilikuwa nimemshika kichwa. Watu hupenda kusikia kwamba mgonjwa aliaga vizuri, na msibani nilisema aliaga vizuri. Ukweli ni kwamba alifumbua macho akauliza kama Nakijwa kaleta neno, nikamwambia bado, baba, na hakuuliza tena. Tukamzika pembeni ya migomba, mahali ambapo mfereji wa ndiva unapita. Nikamwandikia dada kwenye anwani ya mwisho niliyokuwa nayo.

Barua hiyo ilizunguka miezi mingi kabla haijampata. Alifika mwaka uliofuata, mchana, akitembea kutoka pale gari lilipomshushia, na mkoba mmoja begani. Sikumtambua mpaka alipoanza kulia. Alikaa kaburini saa nzima. Mfereji ulikuwa na maji, nikamwona amechota kiganjani, akayatazama, akayamwaga bila kunywa. Nikamwambia, "Kunywa tu, dada, ni ya nyumbani." Akatikisa kichwa.

Siku ya pili, nikitaka kumfurahisha, nikamletea albamu. Nilitaka aone jinsi nilivyozitunza kazi zake. Alifunua taratibu, hata akatabasamu kidogo kwa kukumbuka foleni fulani na karani mmoja mkali. Alipofika ukurasa wa bahasha ya ishirini, mkono wake ulisimama. Akaichomoa. Akaitazama nyuma, akapitisha kidole kwenye gundi, mwanzo hadi mwisho.

"Hukufungua?"

"Sikuifungua! Iko vile vile ulivyoituma. Haina hata—"

"Baba hakusomewa?"

Sikuelewa. Kisha nikaelewa, mwanangu, na sipendi kukueleza jinsi inavyokuwa mtu akielewa jambo kama lile. Pale mezani kulikuwa na kisu cha kumenyea ndizi. Yeye ndiye aliyekichukua, akachana. Ndani mlikuwa na kadi mbili. Moja tupu. Ya pili imejaa maandishi madogo ya penseli. Penseli, kwa sababu nilimwagiza kwamba wino unapenya.

Akanipa nisome. Akasema, "Soma kwa sauti, kama ulivyopaswa kumsomea yeye." Nikasoma:

"Mdogo wangu, msomee baba. Baba, shikamoo. Nimekosa. Niliondoka kwa kiburi na sikukuaga. Naomba uniondolee lile neno, linanilemea kila siku. Nimebakiza mwaka mmoja wa masomo. Ukikubali nirudi, mwambie mdogo wangu aniandikie neno moja tu: Njoo. Nisipopata jibu nitajua umekataa, wala sitakusumbua tena. Ni mimi binti yako, Nakijwa."

Waswahili husema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mimi nilipata kinyume chake, ndani ndimo mlimokuwa na dada yangu, nami nikaabudu mkakasi, urembo wa nje tu.

Nilipomaliza kusoma nikamuuliza, kwa nini uliweka humo, dada? Kwa nini si kwenye barua ya kawaida? Hakunijibu kwa hasira. Ningependa angekuwa na hasira. Alisema, "Nilijua hiyo ndiyo nzuri kuliko zote nilizowahi kukutumia. Nikasema hii hataiweka kando, ataifungua mara moja."

Nikamweleza basi habari ya kata ya maji kibarazani, na kwamba baba aliishika bahasha hiyo kwa mikono yake, akauliza kama roketi inarudi. Sijui kama nilifanya vema kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaomba maji, akanipa kikombe, akasema, "Wewe ndiye mwanamume wa nyumba hii sasa. Nipulizie." Nikamwambia siwezi, dada. Mdogo hampulizii mkubwa. Ningepuliza yangekuwa maji tu. Akaitikia kwa kichwa, maana alijua vizuri kama mimi. Alitaka kusikia tu kama kuna mlango mwingine.

Jioni akaenda kaburini na ile kadi. Akafukua udongo kwa mkono upande wa kichwa, akaifukia. Aliporudi alikuwa na bahasha tupu, iliyochanwa, muhuri wake wa bluu safi kama siku ya kwanza. Akaiweka mbele yangu.

"Hii chukua, ni yako. Barua ilikuwa ya baba."

Aliondoka baada ya siku nne. Hakunichukia. Alinipigia simu kila mwaka mpya, na zilipokuja hizi simu za picha nilimwona uso ukizeeka. Lakini hakurudi tena Mbaga, na maji ya ndiva hakuyanywa. Alizikwa kule kule kwenye baridi, miaka mitatu iliyopita, na aliyetupa habari ni mwenye nyumba wake.

Sasa umejua kwa nini moja imechanwa. Albamu nakupa, kama ulivyoomba, kwa sharti la kusikia haya. Sikukatazi kukusanya. Muhuri wa siku moja ni kitu kizuri, na mtu asiyependa kitu chochote kidogo nafsi yake hukauka. Lakini kitu ukipendacho kisiwe ndicho kinachokuzuia kumsikia aliyekupa. Ukiletewa neno na ndugu, lisome siku hiyo hiyo, hata kama limekuja limefungwa vizuri, na hasa likija limefungwa vizuri. Siku hizi mnazo simu, ujumbe umelala humo wiki mbili haujafunguliwa, mnasema najua atakachosema. Hujui. Mimi nilijua, nikamwambia mzee asiyejua kusoma kwamba ni tupu. Mtu akikupa macho yake umsomee, usimsomee usichokisoma. Na mtu mzima akikuambia fungua, fungua kwanza, ubishi uje baadaye. Ukimkosea mzazi, omba mapema, na omba kwa mdomo wako mwenyewe. Nawe siku utakapokuwa mzazi, usikae kibarazani na kata ya maji ukingoja desturi ikuletee mtoto. Baba yangu alikuwa na mguu wa kumfikisha Same na mtoto wa kumwandikia. Nampenda, ila katika hilo alikosea, nami nimekuwa mzee wa kutosha kulisema.

Maneno haya nimeyaandika kwa kalamu ya wino, kurasa zote, na nitayatia kwenye bahasha hii hii ya roketi. Sitapaka gundi. Bahasha hii haijapata kubeba neno likamfikia mwenyewe. Hapa mezani nina kikombe cha maji kutoka kwenye mfereji wa baba. Mimi ni mkubwa kwako, kwa hiyo yangu yatashika. Basi napuliza juu ya karatasi hii, na ukiona mahali wino umetapakaa ujue ndipo yalipoangukia. Neno lolote zito lililowahi kutamkwa juu yako liondoke. Njia zako ziwe na wa kukupokea. Uende mbali upendavyo, mwanangu, na siku yoyote utakayotaka kurudi, jibu lako ni hili, nimeliandika mapema: Njoo.